Bendera Ilikwama, Nami Nikaeleza

Leo nimeaibika nikiwa nimesimama wima. Sikuteleza, sikuanguka, suruali haikupasuka. Nilisimama tu, kama raia mwema anavyotakiwa kusimama, na aibu ikanifuata palepale nilipo. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine. (Najua baadhi yenu mmeshasikia. Kuna mmoja amenitumia picha ya mshumaa unaowaka. Asante sana.)

Kwa wasionifahamu: nafundisha civisme, yaani haki na wajibu wa raia, katika sekondari moja hapa Lubumbashi. Kipindi changu huwa cha mwisho, jua likiwa kali, wanafunzi wakiwa wamelala macho wazi. Nimechoka, jamani. Nimesema "raia ana haki" mara nyingi mno, na siku hizi nikiyatamka maneno hayo najiona kama mtu anayesoma tangazo la duka lililofungwa. Lakini mtaani kwetu Bel-Air bado wananiita Prof, na mtu anayeitwa Prof akiulizwa swali hawezi kunyamaza. Hilo ndilo lililoniponza.

Avenue yetu, yaani njia tunayoishi, haina umeme. Kabini, yaani transfoma inayotulisha, ililipuka wakati wa mvua, ikatoa moshi, ikanyamaza. Watu wa umeme walikuja, wakaitazama, wakatikisa vichwa kama madaktari, wakaondoka. Sisi wengine tumezoea. Tuna mishumaa, tuna makala, yaani makaa, ya kupikia, tuna midomo ya kulalamikia. Ila jirani yangu Mama Ngalula hawezi kuzoea. Ni mjane, anauza samaki, na ile friji yake kubwa ndiyo mume, ndiyo shamba, ndiyo ada ya shule ya watoto. Samaki wake wanatoka Kilwa, ile ya kwetu Katanga kando ya ziwa, na barabara ya Kilwa mnaijua: samaki wakifika hapa wamechoka kuliko mimi. Bila umeme inabidi anunue barafu kila siku, na barafu inakula faida yote. Jana aliniambia kwamba amepokea mzigo mwingine, na mzigo huu ukioza basi, hana tena la kufanya, atauza friji yenyewe.

Sasa, mkuu wa commune yetu (manispaa), bourgmestre, alikuwa amekubali kutupokea leo asubuhi kabla hajasafiri. Alimwambia Papa Ilunga, mzee wetu ambaye ndiye chef wa avenue: "Mukuye asubuhi. Nitapigia bale ba courant simu mbele yenu." Awapigie watu wa umeme mbele yetu! Mkubwa apige simu mbele yako, usikie kwa masikio yako akikutetea! Mimi nafundisha katiba na sijawahi kuona humo haki tamu kama hiyo.

Avenue ikatuma wajumbe. Papa Ilunga kwa sababu ya mvi zake, Mama Ngalula kwa sababu ya samaki wake, na mimi kwa sababu ya mdomo wangu.

"Prof, weye njo utaongea," Mama Ngalula aliniambia tulipokuwa njiani. "Mie nikianza tu, nitalia."

"Usijali, Mama. Leo naongea mimi."

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kimepigwa pasi ya makala mpaka kinasimama chenyewe. Nilipokiona nikajua jinsi alivyoitegemea safari hii. Alikuwa ameacha samaki chini ya barafu na magunia, akamwomba binti yake awauze wale watakaouzika.

Kitu kimoja zaidi, halafu tufike. Miwani yangu niliiacha nyumbani. Mkono wake mmoja ulivunjika nikaufunga kwa waya wa shaba. (Tuko Katanga, hata miwani yetu ina shaba.) Sikutaka bourgmestre aone kwamba mtaalamu wa haki za raia anafunga uso wake kama mtu anavyofunga mzigo wa makala. Mke wangu aliniuliza mlangoni: "Utaona nini huko bila miwani?" Nikamjibu kwa kiburi: "Siendi kuona. Naenda kusema." (Likumbukeni jibu hilo.)

Tulikuwa tumebakiza hatua chache kufika ofisi ya commune filimbi ilipolia.

Kwa ninyi mlioko ng'ambo mkasahau mambo ya kwetu: filimbi ikilia mbele ya ofisi ya serikali asubuhi, bendera inapanda, na kila mwenye miguu anasimama palepale alipo. Husogei. Hujikuni. Unangoja filimbi ya pili. Ukitikisika, polisi wana la kukufundisha, na wao hawangoji kipindi cha mwisho.

Tukasimama. Barabara nzima ikasimama. Nyuma yangu kijana mmoja wa pikipiki, motard, alibaki na mguu mmoja ndani ya dimbwi. Kando yake mama muuza mikate, beseni kichwani. Papa Ilunga alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, akabaki ameinama hivyohivyo, maana mzee huyo aliishi chini ya utawala ambao haukuwa na mchezo na mambo ya bendera. Na mbele yetu, jamani, jeep ya bourgmestre! Ilikuwa imefika sekunde ileile. Mlango wazi, bourgmestre mwenyewe mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mkono kifuani. Mtu tuliyekuja kumwona yuko pale, karibu kabisa, na hakuna ruhusa hata ya kumwambia jambo.

Nikajisikia fahari kidogo, siwafichi. Mkubwa na mdogo wote wamesimama sawa. Somo langu lilikuwa mbele ya macho yangu.

Bendera ikapanda. Jeep ilikuwa imeziba mguu wa mlingoti, kwa hiyo polisi mwenye kuvuta kamba hatukumwona. Tuliona bendera tu juu ya paa la jeep: buluu, mstari mwekundu, nyota. Ikapanda, ikapanda, ikafika katikati.

Ikasimama.

Tukangoja. Bendera ikabaki katikati. Mtu mwenye macho mazuri angeona kamba inatetemeka kule juu, inavutwa na mtu anayetoka jasho. Mimi niliona rangi tatu na ukungu.

"Prof," motard akanong'ona nyuma yangu bila kufungua meno. "Ju ya nini inasimama pa katikati?"

Swali! Mungu wangu, swali! Wanafunzi wangu wana mwaka mzima hawajaniuliza hata moja, isipokuwa kama wanaweza kutoka nje. Ningeweza kusema "sijui." Neno dogo kabisa, halihitaji diploma. Badala yake nikakohoa kidogo, nikaitoa ile sauti ya darasani.

"Bendera ikisimama nusu mlingoti, c'est le deuil. Nchi iko mu kilio. Mukubwa amekufa. Muandike."

(Muandike! Watu wamesimama barabarani, mikono kifuani, beseni kichwani, nawaambia waandike. Mazoea yana taabu.)

"Mukubwa gani?" Papa Ilunga akauliza kutoka chini, kwenye viatu vyake.

"Bado hawajatangaza."

"Kama banaficha hivi," mzee akasema, "eko mukubwa sana."

Muuza mikate alisikia. Akavuta pumzi. Kisha akaanza, beseni halijatikisika hata kidogo: "Yo! Mama yangu, yo! Batatuacha na nani?" Alilia kwa sauti ya chini, kwa heshima ya bendera, lakini alilia kweli. Machozi yakamtiririka na hakuweza kuyafuta kwa kuwa filimbi ya pili haijalia. Nikageuza macho, macho tu, upande wa Mama Ngalula. Naye analia!

"Mama Ngalula, unalia nini? Hata jina lake hulijui!"

"Nikijua jina, Prof, nitaongeza."

Na motard? Yeye simu ilikuwa mkononi filimbi ilipolia. Mkono ulisimama kama sheria inavyotaka. Kidole gumba hakikusimama. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nimechelewa.

Muda ukapita. Papa Ilunga akazidi kuinama. Bourgmestre alikuwa amebadilika rangi ya uso, mguu ule mmoja ukiwa hewani karibu na ngazi ya jeep. Fikirini mambo ya nchi yetu: polisi anahitaji msaada wa kukwamua kamba, watu wa kumsaidia wamejaa tele, na hakuna anayeweza kusogea kumsaidia kwa sababu bendera haijafika juu. Na haiwezi kufika juu mpaka mtu amsaidie. (Kama mnataka muhtasari wa kozi yangu ya mwaka mzima, ndio huo.)

Ghafla kamba ikaachia. Bendera ikaruka mpaka juu kabisa kwa kasi ya kuku aliyefukuzwa jikoni. Filimbi ya pili ikalia. Barabara nzima ikapumua. Papa Ilunga tulimnyoosha kwa mikono, mimi bega hili, motard bega lile.

Mama Ngalula alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akatazama juu, akanigeukia.

"Prof, inapanda tena. Amefufuka?"

Nikageuka kuelekea mlango wa ofisi.

Tukaingia ndani, tukaketi kwenye benchi la wageni, kwenye korido mbele ya mlango wa bourgmestre. Nilijiambia: haya, limepita, ni watu wachache tu waliosikia. Nikaanza kupanga maneno yangu ya kumweleza kabini. Nilikuwa na utangulizi mzuri sana kuhusu huduma za umma.

Simu ikalia ndani. Tukamsikia bourgmestre: "Allô? Kilio gani?" Simu nyingine. "Nani alisha kufa? Hapana! Hapana, chef!" Nyingine. "Bendera yangu iko juu, chef! Iko juu kabisa! Kuyeni muangalie!" Ukisikia mkubwa wa commune anamwita mtu mwingine chef mara nyingi hivyo, ujue moto umeshika nyumba.

Nikachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara wenye maduka walikuwa wanateremsha vyuma vya milango. Watoto wa shule ya jirani walikuwa wanatoka mbio, mabegi yanaruka, furaha tupu, nchi iko kwenye kilio na wao wanapiga vigelegele.

Hapo simu yangu nayo ikalia. Mkuu wa shule yangu, préfet, mtu mwangalifu sana.

"Prof, mambo gani? Nasikia kuko deuil national. Weye njo unajua mambo ya protocole. Turudishe batoto ku nyumba?"

"Habari hiyo, préfet, umeitoa wapi?"

"Source ni muzuri. Banasema kuko prof moja wa civisme, alisimama pale karibu na bendera, njo alieleza bantu. Allô? Prof? Weye uko fasi gani?"

Nikasema mtandao mbaya. Nikazima simu. (Ndiyo, mimi, mwalimu wa uadilifu.) Mama Ngalula alikuwa ananitazama. Papa Ilunga alikuwa anatazama viatu vyake, viatu ambavyo asubuhi hiyo alikuwa ameshavisoma vya kutosha.

Mlango ukafunguka. Bourgmestre akatoka na polisi wawili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka, uso ninaouona kila asubuhi kwenye kioo changu. Korido ilikuwa imejaa watu waliokuja kuuliza nani amekufa, na walinzi, na makarani, na yule muuza mikate ambaye sasa alikuwa na kitambaa cha msiba kichwani. (Alikipata wapi? Sijui. Wanawake wetu wanatembea wakiwa tayari.)

"Musikilize," akasema, akainua simu yake. Akabonyeza.

Ikatoka sauti ya motard ikinong'ona: "Ba frère, sikieni, niko ku commune..." Halafu nyuma yake, safi, nzito, yenye kusikika mpaka dawati la mwisho: "Bendera ikisimama nusu mlingoti, c'est le deuil. Nchi iko mu kilio. Mukubwa amekufa. Muandike."

Ujumbe ule ulikuwa umezunguka mji mzima na kurudi pale ulipozaliwa. Motard mwenyewe haonekani. Nadhani alikuwa ameshafika Kipushi, kule mpakani.

"Ni sauti ya nani ii?"

Nataka niwasifu watu wa avenue yangu: hakuna aliyenitaja. Hata muuza mikate alitazama dari. Lakini mimi ndiye niliyefundisha vizazi vizima kwamba raia huwajibika kwa matendo yake. Nikainua mkono. Kidole juu, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba kwenda chooni.

"Ni yangu."

"Weye ni nani?"

"Mwalimu, bourgmestre."

"Mwalimu wa nini?"

Jamani, ningesema hesabu. Ningesema jiografia. Hata kushona.

"Wa civisme."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa, akacheka tena. Bourgmestre alifumba macho kidogo, kisha akavuta kiti, akaketi mbele yangu kama mwanafunzi.

"Bon. Prof, tufundishe. Siku ya kilio, bendera banaipandishaka namna gani?"

Na hapa, wapendwa, ndipo mtaona jinsi mtu anavyoweza kujichimbia kaburi na kujitupia udongo mwenyewe. Lilikuwa swali. Nilijua jibu. Mdomo ukajifungua.

"Inapandishwa kwanza mpaka juu kabisa. Inafika kwenye ncha, inatulia. Halafu inashushwa polepole hadi katikati."

"Kwanza mpaka juu."

"Kwanza mpaka juu, ndiyo."

"Haiishiaka njiani."

"Hapana. Haiwezi kuishia njiani. Ni kosa la..."

"Na ya leo, kabla ya kusimama pa katikati, ilikuwa ilisha kufika juu?"

Korido yote ilikuwa inaningoja. Nikasikia uso unawaka mpaka masikio.

"Hapana."

"Basi ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa... imekwama."

Wakacheka. Si kicheko cha kukohoa tena. Kicheko cha kupiga mapaja. Polisi wakacheka. Karani mmoja akaegemea ukuta. Papa Ilunga, mzee wangu, chef wangu, akacheka hadi akainama tena kama alivyokuwa kwenye bendera. Nilifundisha jambo hilohilo wiki iliyopita! Nilichora mlingoti ubaoni! Nilimpa mtoto mmoja sifuri kwa kusema inaishia katikati!

Bourgmestre hakucheka. "Prof," akasema taratibu, "asubuhi ya leo nilikuwa na kazi moja tu, kupigia bale ba courant ju ya kabini yenu. Sasa nimemaliza asubuhi nzima naambia ba chef kama hakuna muntu alikufa. Unités yote ku simu ilisha kuisha. Na gari inaningoja, naenda mission."

Nikatafuta ule utangulizi wangu mzuri kuhusu huduma za umma. Haukuwepo. Nilimtazama Mama Ngalula na kitenge chake cha kanisani, na nawaambia ukweli, kile kicheko cha korido hakikuniuma kama nilivyoumia hapo. Huyu mama aliweka samaki wake wote kwenye mdomo wangu.

Akasimama mwenyewe.

"Bourgmestre," akasema, sauti kavu kabisa, "mie nilisema sitaongea, ju nitalia. Lakini machozi yangu yote nilisha kumaliza pale inje, kulilia muntu mwenye hakufa. Sasa naweza kuongea." Akaeleza. Kabini, friji, barafu, mzigo wa Kilwa, watoto. Maneno machache, hakuna utangulizi. Akamalizia: "Bendera ilipanda, nilisimama. Banasema kuko kilio, nililia. Mie ya kwangu nilisha kufanya. Sasa ya kwenu?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nimefundisha haki na wajibu miaka na miaka, sijawahi kulisema vizuri hivyo. Bourgmestre alitazama simu yake iliyoisha unités, yaani salio, akaigeuza mkononi.

"Mama, nikirudi tu, kintu ya kwanza."

"Nikirudi." Tunalijua neno hilo. Limeshawazika samaki wengi. Nilitamani mtu amkatalie, nikatazama huku na huku, nikakumbuka kwamba mtu huyo alitakiwa kuwa mimi.

Kabla ya kupanda jeep akaacha amri moja ndogo. Polisi wakaniletea megafoni. Nitembee Bel-Air yote nikitangaza kwamba hakuna aliyekufa. "Ulieleza bantu," bourgmestre akasema kutoka dirishani. "Endelea kueleza."

Nikatembea. Jua la utosini, shati limelowa, wajumbe wenzangu wameshatangulia nyumbani, polisi mmoja nyuma yangu anakula mkate wa yule muuza mikate.

"Wananchi wapendwa! Hakuna mkubwa aliyekufa! Bendera ilikwama tu!"

Mzee mmoja akatoa kichwa nje ya uzio. "Banakutuma useme vile?"

"Wamenituma, ndiyo, lakini ni kweli."

"Ah. Basi alikufa."

"Papa, hakuna aliyekufa!"

"Kama hakuna muntu alikufa, ju ya nini bakupatie megafoni na polisi?" Akamgeukia mkewe ndani. "Mama, ni kweli! Banakatala na megafoni!"

Nyumba baada ya nyumba, hivyohivyo. Kadiri nilivyokanusha, ndivyo marehemu alivyozidi kufa. Kuna waliomwongezea ugonjwa. Kuna waliomjua binafsi. Bibi mmoja alinionea huruma, akanipa kikombe cha maji na kuniambia: "Mwanangu, pole. Najua hawakuruhusu useme." Nikanywa maji. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nami nilianza kumsikitikia huyo marehemu. Angalau yeye amepumzika.

Nilipofika avenue yetu niliogopa kupita mbele ya nyumba ya Mama Ngalula. Nilitaka kuzunguka nyuma. Akaniona.

"Prof! Kuya!"

Nikaenda, megafoni mkononi, kichwa chini, nimeandaa samahani yangu. Akafungua friji. Tupu. Barafu inayeyuka, magunia matupu, hata kichwa cha samaki hakuna.

"Balikuya kama nzige," akasema. "Banasema kuko kilio, soko itafunga siku mingi. Mama moja alichukua ya matanga, hata hajue matanga iko fasi gani. Hata bale badogo balisha kwenda."

Sikujua nicheke au nilie. Nikaketi kwenye kreti yake ya bia tupu. Mzigo huu hautaoza. Ila kabini bado imekufa, na wiki ijayo Kilwa italeta samaki wengine, nao watafika wamechoka, watakuta friji yenye joto. Nilimwambia hivyo, kwa sauti yangu ya kawaida, bila utangulizi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia bourgmestre akirudi tutakwenda tena, na safari hiyo ataongea yeye, mimi nitabeba mkoba wake.

Mama Ngalula akafunga friji taratibu. Akafikiri.

"Na kama mzigo inafika kabla bourgmestre arudi, Prof," akauliza kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya barafu, "tutaua nani?"

Lilikuwa swali, ndugu zangu. Na nikanyamaza.

Basi ndiyo hayo. Mnaotaka kunicheka, chekeni haraka haraka: simu yangu imebakiza mstari mmoja wa chaji, na pa kuichomeka mnapajua.